Malaria "inajigeuza": watu wanavyosema na mambo yalivyo

Mvua ya mwezi wa nne ikianza kumwaga hapa Mombasa, iwe Likoni iwe Kisauni, hukosi kumsikia mtu akisema ati malaria ya siku hizi imejigeuza, mwili hauitambui tena. Ukweli upo ndani yake lakini umepinda, na hapo palipopinda ndipo watu wanapoamua vibaya kuhusu afya zao, kwa hivyo tuyanyooshe.

Tuanze na hilo neno lenyewe, kujigeuza. Wengi wanadhani kidudu cha malaria kila kikirudi kimekuwa kiumbe kipya, kimepata jeni ambazo hakikuwa nazo. Sivyo. Plasmodium falciparum, hichi kinachotusumbua zaidi huku pwani, ni seli moja tu lakini kina kromosomu 14 na jeni zaidi ya 5,000, na ndani ya hizo kuna kundi la kama jeni 60 zinaitwa var. Kila moja inatengeneza aina yake ya protini iitwayo PfEMP1, ambayo inatokeza nje ya chembe nyekundu ya damu iliyoingiliwa na kuifanya inate kwenye ukuta wa mshipa ili isipelekwe kuchujwa na wengu. Sasa katika hizo 60, kwa kila kidudu inaamka moja tu, zilizobaki zote zimelala. Ni kama mtu mwenye doti 60 za leso sandukuni, akitoka nje amejifunga moja, na kesho ukimwona na nyingine si kwamba ameinunua jana, ilikuwamo siku zote. Na kuna faida kubwa kuonyesha moja moja, maana zingetokeza zote pamoja mwili ungezijua zote kwa mpigo mmoja na kidudu kingekuwa hakina pa kujificha tena.

Zile zilizolala hazijafutwa wala kuharibika. DNA ya kidudu, ule uzi wenye jeni zake, imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na kwenye zile sehemu za jeni zilizolala histoni zina alama ya kemikali, protini nyingine iitwayo HP1 inakaa juu ya hio alama na kuibana DNA kabisa isisomeke, huko pembeni mwa kiini cha seli. Herufi za jeni hazijaguswa hata moja. Na hio hali inarithiwa, yaani kila baada ya saa 48 hivi kidudu kinapasua chembe ya damu na kutoa watoto wengi, na karibu wote wanaendelea na ileile jeni ya mzazi wao, ila wachache tu ndio wanaamka na nyingine.

Hapo ndo inazaliwa dhana nyingine, kwamba kidudu kinaona kinga inakuja halafu kinabadilisha. Hakioni chochote jamani! Hata ukikifuga maabara kwenye damu isiyo na kingamwili yoyote wale wachache wanabadilisha tu vilevile. Mwilini kinachotokea ni kwamba kingamwili zikiwamaliza wale wengi wa aina ya kwanza, wachache waliokuwa tayari wana sura nyingine wanabaki na kuzaana. Mwaka 1998 watafiti hapo Kilifi walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba watoto wanaougua hushikwa zaidi na zile aina ambazo kingamwili zao za kabla ya ugonjwa hazikuzitambua. Ndio maana mtu mzima aliyekulia pwani haugui sana kama mtoto, amekwishakutana na sura nyingi, lakini kinga kamili hana, na akienda kuishi miaka mingi mahali pasipo malaria hata hio kidogo inapungua, kwa hivyo asije likizo akalala bila neti kwa kujiamini ati yeye ni mwenyeji.

Usugu wa dawa ni habari tofauti kabisa, na watu wanauchanganya na hili kila siku. Kloroquine ilishindwa kwa sababu jeni iitwayo pfcrt ilibadilika herufi zake kikweli, Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Huko jeni yenyewe imegeuka. Kwenye var kilichogeuka ni ipi imeamka.

Na si vidudu vyote vya seli moja vina njia hiihii. Trypanosoma brucei, mmoja wa wale wanaoletwa na mbung'o na kusababisha malale, ana jeni zaidi ya 2,000 za protini ya VSG, nyingi zikiwa vipande vilivyokatika, na anajifunika mwili mzima kwa aina moja tu kwa wakati, kama nakala milioni 10. Lakini jeni zake za kawaida anazisoma kwa safu ndefu ndefu bila kuchagua, kisha RNA, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, inakatwa, kila kipande kinabandikwa kichwa kilekile cha herufi 39, na uamuzi wa protini ipi iwe nyingi unafanyika baada ya hapo, kutegemea RNA ipi inadumu na ipi inavunjwa. Mimi hilo linanishangaza hadi leo, seli ndogo vile inaendesha mambo yake hivyo.

Turudi kwa malaria. Kuna wanaosema homa ikishuka basi umemaliza, huwezi kumwambukiza mtu. Kumbe kila mzunguko kuna vidudu vichache ambavyo jeni iitwayo AP2-G, nayo hulazwa na HP1 ileile, inaamka, na hivyo vinageuka gametosaiti, dume na jike, ndio wanaochukuliwa na mbu kupeleka kwa mtu mwingine, vinakomaa kwa siku kama 10 hadi 12 na haviumizi mtu. Jike anakuwa ameshaandaa RNA za protini kama P25 na P28 lakini hazitafsiriwi kuwa protini bado, anazihifadhi mpaka aingie tumboni mwa mbu. Dawa mseto tunazomeza zinaua vizuri vinavyoleta homa, ila gametosaiti waliokomaa wanaweza kubaki siku kadhaa hata wiki, kwa hivyo aliyepona pia alale ndani ya neti.

Linaloniuma zaidi ni la mimba ya kwanza. Mwanamke aliyekulia hapa, ana kinga yake, anashika mimba anaugua malaria vibaya au mtoto anazaliwa na uzani mdogo, na watu wanasema mwili wake ni mnyonge, au hajitunzi. Si yeye! Kondo la nyuma lina sukari moja iitwayo kondroitini salfeti A, na kati ya zile var iko moja, VAR2CSA, inayonata hapo hasa. Kabla ya mimba vidudu vyenye hio havikuwa na pa kunata, kwa hivyo mwili wake haujawahi kuvijua, na ndio maana mimba zinazofuata huwa nafuu, kingamwili zimeshapatikana. Chanjo mbili zinazolenga protini hiyo, PAMVAC na PRIMVAC, zimeshajaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo. Kwa sasa kilichopo ni zile tembe za SP za kliniki, za kumkinga mama mjamzito na malaria, zinazotolewa huku pwani kuanzia miezi mitatu ya mimba kupita, kila mara kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja, isipokuwa kwa anayetumia Septrin kila siku, huyo hapewi SP.