4,294,967,297: namba iliyomponza Fermat

Dhana: mifano mitano mfululizo ni ushahidi tosha.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyependa hisabati, alikuwa na namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Chukua 2, ipe kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, ongeza 1: ndizo hizo, na zote ni namba tasa, yaani hugawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Akaamini kwamba mlolongo mzima ni tasa, ingawa alikiri hana uthibitisho. Inayofuata, yenye kipeo cha 32, ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Ya sita iliyo tasa haijapatikana hadi leo.

Dhana: kufika 641 kulihitaji kugawanya mamia ya mara.

Kweli, 641 ni ya 116 katika foleni ya namba tasa, na zote zilizo mbele yake huacha baki. Lakini Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 64. Namba zinazobaki ni chache: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu!

Kuna njia tamu zaidi, isiyohitaji kugawanya kabisa. 641 ni 5⁴ + 2⁴ (625 + 16), na pia ni 640 + 1, ambapo 640 = 5 × 2⁷. Basi 641 × 2²⁸ ni sawa na 640⁴ + 2³². Toa 640⁴ − 1, ambayo nayo hugawanyika kwa 641 kwa kuwa ina kigawo 640 + 1. Kinachobaki ni 2³² + 1, yaani namba yetu. Mimi hii hunifurahisha kila ninapoirudia.

Dhana: ikifaulu kipimo cha namba tasa, ni tasa.

Fermat mwenyewe alituachia kipimo: ikiwa p ni tasa zaidi ya 2, basi 2 kwa kipeo cha p − 1 ikigawanywa kwa p huacha baki 1. Namba yetu hufaulu, na bado si tasa. Ukitumia 3 badala ya 2 inaumbuka papo hapo. Fermat alikuwa na silaha mkononi. Hesabu ni ndefu, lakini kalamu na subira vingetosha.

Dhana: kosa hilo liliziacha namba zake bila kazi.

Mwaka 1796 mwanahisabati Carl Friedrich Gauss aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa, lenye pembe zote sawa, linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu. Siri yake ni kwamba 17 ni namba tasa ya Fermat. Sasa zidisha zote tano zinazojulikana: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Jibu ni 4,294,967,295, idadi kubwa kuliko zote za witiri tunazojua kwamba umbo la aina hiyo lenye pande hizo linachoreka. Ongeza 2, unarudi kwenye namba iliyomponza Fermat.