Mwewe wa Mlimani Huhesabiwaje, na kwa Nini Sifuri Nayo Huandikwa

Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Desemba, watu wenye darubini hupanda kwenye mwamba uitwao North Lookout, huko Hawk Mountain katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wengi wao ni watu wa kujitolea waliopewa mafunzo. Wanahesabu ndege mbuai, yaani mwewe, vipanga, kozi na tai, wanaoikimbia baridi ya kaskazini. Kwa wastani hupita kiasi cha ndege 18,000 kwa msimu.

Swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: ndege wa porini, asiyefugwa wala kufungwa, anahesabiwaje? Na hesabu yenyewe ni ya nini?

Mlima huo ulikuwa machinjio. Wenye bunduki walikaa juu ya mwamba na kuwatungua ndege wakipita, maana mwewe alijulikana kuwa mwizi wa kuku na adui wa mwindaji. Mwaka 1929 mamlaka ya uwindaji ya Pennsylvania ilianza kulipa dola 5 kwa kila kipanga mkubwa wa kaskazini aliyeuawa. Mwaka 1932 Richard Pough, mpenzi wa ndege, alipiga picha za mizoga iliyopangwa safu kwa safu msituni. Picha hizo zilimfikia Rosalie Edge wa New York, mama asiyekubali kunyamazishwa, naye mwaka 1934 akalikodi eneo lote, kiasi cha ekari 1,400. Alimweka Maurice Broun kuwa mlinzi, na mkewe Broun, Irma, ndiye aliyekaa langoni kuwarudisha wenye bunduki. Msimu huohuo Broun akaanza kuwahesabu ndege ambao mwaka uliotangulia wangepigwa risasi. Hesabu imeendelea hadi leo, ikakatika tu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Ndege hawapiti pale kwa bahati. Baada ya baridi kuingia, upepo wa kaskazini-magharibi hupiga ubavu wa mlima mrefu wa Kittatinny, ukakosa njia na kupanda juu. Ndege hutandaza mabawa juu ya upepo huo na kwenda kilomita nyingi bila kuyapiga. Mwewe wa mabawa mapana, ambao wengi hupita katikati ya Septemba wakielekea Amerika ya Kati na ya Kusini, hutegemea zaidi hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Huzunguka ndani yake kwa makundi mpaka wafike juu kabisa, kisha huteleza mmoja baada ya mwingine kuelekea kusini.

Hapo ndipo penye ufundi. Anayeanza hujaribu kuwahesabu wakiwa bado wanazunguka, akachanganyikiwa, maana ndege mmoja humpita mbele ya darubini mara tatu. Mzoefu hungoja. Kundi likishafika juu na kuanza kuteleza, ndege hujipanga mstari, naye hubonyeza kihesabio cha mkononi mara moja kwa kila anayepita. Ili wenzake wamwone ndege yuleyule, vilele vya mlima vilivyo mbele yao vimepewa namba, kuanzia moja hadi tano. Ukisikia mtu anaita kwamba kuna ndege juu ya namba tatu, darubini zote hugeukia huko. Karibu nao husimikwa bundi wa plastiki juu ya mlingoti. Vipanga humchukia bundi, kwa hiyo hushuka kumshambulia na kupita karibu kiasi cha kutambulika vizuri. (Bundi huyo hupata taabu kuliko wote mlimani.)

Kila saa huandikwa peke yake: ndege wa kila aina, upepo unatoka wapi, mawingu, jotoridi, na idadi ya wahesabuji. Saa ambayo hakupita hata mmoja huandikwa sifuri. Wageni huona kama mzaha, lakini ukiandika siku nzuri tu, kila mwaka utaonekana mwaka wa neema. Kwangu mimi, kinachoipa hesabu thamani ni kukaa mahali palepale, kwa utaratibu uleule, mwaka baada ya mwaka. Siku moja ya maelfu ya ndege ni furaha, ila haitoshi kutuambia hali yao.

Mfano mkubwa ni wa tai kichwa-cheupe. Tai mchanga wa aina hii ni kahawia mwili mzima na kichwa hakiwi cheupe mpaka afikishe miaka minne au mitano, kwa hiyo ukiwa mlimani unaweza kumtenga mchanga na mkubwa. Kati ya 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai waliopita walikuwa wa mwaka huo. Kati ya 1955 na 1959 walishuka hadi asilimia 20, na mwaka 1957 alionekana mchanga mmoja tu kwa kila wakubwa 32. Wakubwa walikuwapo, vifaranga hawakuwapo. Mwandishi Rachel Carson alizitumia takwimu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962, Silent Spring, kuhusu madhara ya dawa za kuua wadudu. DDT, mojawapo ya dawa hizo, ilikuwa ikiyafanya maganda ya mayai kuwa membamba, yakapasuka kabla ya kuanguliwa. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na tai hao wakaongezeka tena.

Hata hivyo namba ikishuka, usikimbilie kusema ndege wamekufa. Mwewe mkia-mwekundu wanaopita huko wamepungua, lakini sehemu ya sababu ni kwamba majira ya baridi yamelegea, na wengi hubaki kaskazini badala ya kusafiri. Ndiyo maana hesabu ya mlima mmoja hulinganishwa na ya milima mingine.

Upande wetu wa dunia, huko Batumi nchini Georgia, kati ya Bahari Nyeusi na milima, wahesabuji wa kujitolea wamekuwa wakikutana kila mwaka tangu 2008, na zaidi ya ndege mbuai milioni moja hupita kwa msimu. Wengi wao huja Afrika, na baadhi ndio tunaowaona Kenya na Tanzania mvua za vuli zikianza. Njia nyingine huvuka mlango-bahari wa Bab el-Mandeb, kutoka Yemen kuingia Djibouti. Mwaka 1987 walihesabiwa huko mbuai wapatao 246,000, wakiwemo tai wa nyika zaidi ya 76,000, walewale ambao hapa kwetu hutua chini na kudonoa kumbikumbi kama kuku. Tangu 2015 tai huyo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hesabu ya Djibouti haikuendelezwa kila mwaka, kwa hiyo hatuna mfululizo wa kulinganisha.

Mwenye darubini na kilima chenye upeo wazi anaweza kuanza mwezi Oktoba. Chagua sehemu moja usiibadilishe, andika saa ya kuanza na ya kumaliza, upepo, na ndege walikoelekea, kisha peleka taarifa kwenye Kenya Bird Map au Tanzania Bird Atlas, miradi inayokusanya kumbukumbu za ndege walioonekana. Aliye mbali mno usimbahatishe jina. Andika tu kwamba ni mbuai asiyetambuliwa, kama wanavyofanya hata wazoefu.