Ukwaju si antibayotiki, jamani

Juzi tena hapo sokoni Marikiti, mama wa juisi yuwamwambia mteja ati asihangaike kwenda chemisti, ukwaju ni "antibayotiki ya asili". Neno hili nimeshalisikia kwa mabuyu, kwa komamanga, kwa ndimu, hadi basi.

Kitu kuzuia bakteria maana yake ni kuwaua au kuwafanya wasizaane. Ukwaju wafanya hivyo, sibishi, ile asidi yake pekee yawasumbua, ndo maana achari ya embe yenye chumvi na ndimu yakaa kabatini wiki na wiki.

Sasa antibayotiki. Ni Kigiriki, anti ni dhidi ya, bios ni uhai, na aliyelipa neno maana ya kitabibu ni Selman Waksman miaka ya 1940 huko Marekani, mtaalamu wa vijidudu vya udongo, maabara yake ndo ilitoa streptomycin ya kutibu TB. Kwake yeye antibayotiki ni kitu anachotoa kijidudu kikamdhuru kijidudu mwenzake. Kijidudu kwa kijidudu! Penisilini yatoka kwa ukungu. Kwa maana hiyo tunda halimo kabisa, mti si kijidudu. Haya, siku hizi maana imetanuka, hata sipro (dawa ya ciprofloxacin), ambayo yatengenezwa kiwandani tupu bila kijidudu, yaitwa hivyo, lakini bado ni kitu kilichopimwa dozi, ukitumia chafika bakteria alipo na wewe wabaki mzima.

Ile habari ya "imethibitishwa maabara" nayo mara nyingi ni hivi: tunda lakaushwa, lasagwa, laloweshwa kwa spiriti, ile rojo yatiwa kwenye kikaratasi, kikaratasi chawekwa juu ya agar (ile jeli ya kuoteshea bakteria kwenye sahani ya maabara) iliyopakwa bakteria, kesho yake wapima kwa milimita ile duara ambayo bakteria hawakuota. Basi. Tia jiki hapo uone duara lake, na jiki hatunywi. Kwenye sahani hakuna tumbo, hakuna ini, na glasi yako ya juisi yenye sukari vijiko vitatu si ile rojo.

Na kama wanywa ukwaju kwa ajili ya mafua, mafua ni virusi, hapo hata antibayotiki yenyewe haina kazi.

Kwa hivyo mama, juisi yako tamu nitakunywa kila siku, ila sema "ukwaju wazuia bakteria", na mteja mwenye kidonda cha usaha muache aende chemisti.