Liwali wa Kirumi hakuwa sultani

Nimeyasikia tena, mara hii redioni: eti liwali wa Kirumi alikuwa Kaisari mdogo, jeshi lake, hazina yake, mahakama yake. Na mfano ni uleule, Pilato. Jamani! Pilato alikuwa prefekti, liwali wa ngazi ya chini, wa kijimbo kidogo cha Yudea, wala hakuwa seneta. Hakuwa na lejioni hata moja, yaani jeshi kuu la raia wa Kirumi, ila vikosi vya wasaidizi tu. Mwaka 36 Vitellius, legati wa Siria, yaani liwali aliyewekwa na Kaisari, alimng'oa akampeleka Roma kujieleza. Sultani gani anayefukuzwa na jirani?

Maliwali wakubwa, yaani prokonsuli wa Afrika na Asia, waliotoka kwa Seneti, na malegati wa Kaisari, nawapitia mbiombio. Walizunguka mji hadi mji wakisikiliza kesi, wakiwa na watumishi wachache mno. Miji ilijiendesha yenyewe, na wakuu wake ndio waliohangaika na kodi.

Kinachonikera hasa ni hiyo hazina. Katika majimbo ya Kaisari, fedha zilikuwa mikononi mwa prokuratori, ofisa wa fedha ambaye Kaisari alimteua mwenyewe. Liwali hakuwa bosi wake. (Yudea ya Pilato ilikuwa tofauti, prefekti alishika na fedha. Ndiyo maana nasema mfano mbovu.) Itazameni Britania. Uasi wa malkia Boudica dhidi ya Warumi wa mwaka 60 au 61 ulipozimwa, liwali Suetonius Paulinus aliendelea kuwaandama wenyeji kwa moto na upanga, huku njaa ikiwamaliza. Prokuratori mpya, Classicianus, akawashauri wenyeji wamsubiri liwali mwingine, mpole zaidi, kisha akaandika Roma kwamba vita havitaisha Paulinus akiwapo. Kaisari Nero akamtuma Polyclitus, aliyewahi kuwa mtumwa, aje kuchunguza. Haukupita muda, Paulinus akapoteza meli chache, ikawa sababu tosha ya kumwondoa. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anamsimanga Classicianus kwamba aliongozwa na chuki binafsi. Labda. Mimi naona mtu aliyejua kuwa maiti hailipi kodi.

Wenzangu hupenda kumtaja liwali Plinius pia: huko Bithynia, katika Uturuki ya leo, alimwomba Kaisari Traianus ruhusa ya kuunda kikosi cha zimamoto cha watu 150 mjini Nicomedia, akakataliwa, kwa hofu kwamba vikundi hivyo hugeuka vya siasa. Kisa kitamu, ila mimi sikiamini kama kipimo cha maliwali wote. Plinius alitumwa kwa agizo maalumu, kunyoosha hesabu za miji zilizovurugika. Lazima awe muulizaji! Vitabu vya shule huliruka hilo.

Kama yule wa redioni angesema enzi za Jamhuri, kabla ya Makaisari, ningenyamaza. Liwali Verres aliikamua Sicilia kuanzia mwaka 73 hadi 71 K.K., na Wasicilia hawakuweza kumshtaki hadi alipotoka madarakani. Mwaka 70 K.K. wakili Cicero akamburuta mahakamani. Verres hakungoja hukumu, alikimbilia Massilia (Marseille ya leo).