Mkono hauingii: kulainisha sehemu zilizojificha za gari-nyumba la dizeli

Mwezi uliopita iliingia gereji Fuso Canter iliyogeuzwa nyumba: kitanda, jiko, choo, vyote mgongoni. Aliyeijenga alitoboa ukuta wa nyuma wa kabini ili mtu atoke kwenye usukani apite moja kwa moja kitandani, kisha akaunganisha kabini na bodi kwa bati gumu. Injini ya Canter iko chini ya viti, na unaifikia kwa kuinamisha kabini mbele. Hii haikuinama tena. Kijana wangu akaingia uvunguni, akapapasa weee, akatoka na mikono myeusi hadi viwiko.

"Fundi, mkono hauingii."

"Basi usipeleke mkono. Lete nipeli."

Nipeli ni kile kichwa kidogo cha chuma unachobandika mdomo wa pampu ya grisi. Lakini kabla ya kuitafuta, jiulize: sehemu hii inakula grisi au inakunywa oili? Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, haina pa kupiga grisi. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na uhai wake ni oili ya injini inayofika kwa bomba jembamba; ukimaliza kupanda mlima, acha injini ingurume taratibu dakika mbili ndipo uzime. Beringi ya tenshena, kile kipuli kinachokaza mkanda, nayo imezibwa kiwandani. Ikilia, dawa ya kupuliza itainyamazisha siku mbili tu, kwa kuyeyusha grisi iliyobaki. Ibadilishe.

Inayosahaulika kuliko zote ni pampu ya vakyumu. Dizeli za zamani haziivuti vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) ya busta ya breki, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga, kutoka kwenye injini kama petroli, kwa hiyo zinahitaji pampu yake. Kwenye nyingi za Kijapani imekaa mgongoni mwa alteneta: mpira mmoja unaleta oili, mwingine unairudisha. Mpira wa kuleta ukijikunja au ukiziba, vibao vya ndani vinalika na breki inakuwa ngumu kama jiwe. Nimeshaona busta nzima ikibadilishwa huku ugonjwa uko kwenye alteneta.

Turudi kwa Canter. Shafti ya uma wa klachi na pini za springi za nyuma zilikuwa nyuma ya tangi la maji. Hapo tulifungua nipeli, tukafunga mpira wa shinikizo, tukauleta hadi pembeni mwa chasisi na kuweka nipeli upya mahali pa wazi. Kosa la wengi ni kuufunga mpira mtupu. Mpira wa mita moja wenye tundu la milimita 4 unameza karibu gramu 11 za grisi, na pampu ya mkono hutoa gramu moja hivi kwa mpigo. Ukipiga mara tano ukajipongeza, umesukuma hewa. Ujaze kwanza, grisi itoke upande wa pili, ndipo uunge.

Krosi ya propela, yaani kiungo cha msalaba kwenye shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, huwezi kuifungia mpira, inazunguka. Piga jeki gurudumu moja la nyuma, mengine yawekewe vigingi, gia iwe huru, kisha zungusha propela kwa mkono hadi nipeli ikutazame. Tumia mdomo mwembamba wa pembe. Grisi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne vya ncha za msalaba. Kimoja kikigoma, sindano zake, vile vyuma vyembamba vya beringi, huenda zimeshakauka. Ukiona vumbi jekundu kama la tofali kwenye ukingo wa kikombe, usipoteze grisi, hiyo ni kutu ya sindano. Ile sehemu ya propela inayoteleza ndani na nje, ipige kidogo tu. Ukiishindilia, grisi haina pa kwenda na inasukuma kifuniko chake nje.

Grisi yenyewe, NLGI 2 (namba ya uzito wa grisi) ya lithiamu inatosha kwa hizi zote. Usiichanganye na ile iliyotengenezwa kwa udongo badala ya lithiamu, zikikutana zinaweza kulainika na kuchuruzika kama uji.

Bati la kabini bado halijakatwa. Mwenye gari anasema atafikiria. Nimemwambia siku gasketi ya silinda hedi itakapoungua, msumeno utaingia kabla ya spana.