Alama Kubwa za Mapigo katika Nakala ya Mwongozaji

Mwongozaji wa okestra hasomi nakala yake kama mpiga fidla anavyosoma yake. Mpiga fidla ana safu moja ya mistari mitano. Mwongozaji ana ukurasa wenye safu ishirini au zaidi, na macho yake yako kwa wanamuziki zaidi kuliko kwenye karatasi. Alama ya mapigo, yaani tarakimu mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, kama 4/4, zinazoonyesha mapigo ya kila baa (kipande cha muziki kati ya mistari miwili ya wima), kwa kawaida hujaza kimo cha mistari mitano, nusu kwa tarakimu ya juu na nusu kwa ya chini. Kwenye nakala ya mpigaji yenye safu za milimita 7, kila tarakimu huwa na kimo cha milimita 3.5; safu zikipunguzwa hadi milimita 4 ili ala zote zienee kwenye ukurasa mmoja, tarakimu hubaki na milimita 2 tu. Muziki ukiwa wa 4/4 tangu mwanzo hadi mwisho, hilo halimsumbui mtu. Lakini katika ngoma inayofunga The Rite of Spring, baleti ya mtunzi Stravinsky, iliyopigwa mara ya kwanza Paris mwaka 1913, mapigo hubadilika karibu kila baa, na mwongozaji hana muda wa kuzitafuta tarakimu hizo.

Watayarishaji wa nota hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kuandika alama moja kubwa kwa kila kundi la ala, ikikatiza safu kadhaa. Ya pili ni kuiweka juu ya safu, kwa kawaida juu ya ukurasa na tena juu ya vinanda vya nyuzi. Mimi huanza na ya kwanza, kwa sababu alama hukaa palepale mapigo yanapobadilika na jicho haliendi juu na kurudi. Gharama yake ni upana. Tarakimu ikikuzwa mara tatu kwa kimo hukua mara tatu kwa upana pia, na 12/8 ya namna hiyo huzisukuma nota za baa nzima upande. Ndiyo maana alama kubwa nzuri huwa nyembamba, ndefu kwenda juu, na haziwi tarakimu za kawaida zilizovutwa tu. Baa zikiwa fupi mno, kama 2/16 zinazofuatana, hata wembamba hausaidii, na hapo ndipo ninapohamia njia ya pili: alama iliyo juu ya safu haidai nafasi kati ya nota. Ila huko juu hugombania mahali na alama za kasi, kwa hiyo ni lazima uamue mapema ipi itakaa karibu na mistari.

Katika Dorico, mojawapo ya programu za kuandikia nota kwa kompyuta, uamuzi huu hufanywa kwenye mipangilio ya mwonekano wa kila nakala: alama kwenye kila safu, mara moja kwa kila kundi lililofungwa kwa mabano, au juu ya safu zilizoteuliwa, na tarakimu nyembamba zimo tayari. Programu ya Sibelius huzichukulia tarakimu kama mtindo wa maandishi, na ina mitindo mikubwa iliyotayarishwa. LilyPond, programu ambayo nota huandikwa kama maandishi kwenye faili, inadai kazi zaidi, na ndiyo inayofundisha zaidi: unakiondoa kwenye safu za kawaida kile kipengele kinachochora alama ya mapigo, unakihamishia kwenye safu tupu isiyo na mistari, kisha unaongeza ukubwa wa fonti, ambapo kila hatua 6 huzidisha ukubwa mara mbili.

Katika kazi zangu za mwanzo nilizikuza alama moja moja na kuziburuta kwa kipanya hadi mahali pake. Zilipendeza mpaka mtunzi alipoongeza baa nne karibu na mwanzo. Kurasa zilijipanga upya, na tarakimu zangu zikaangukia juu ya nota za honi. Tangu hapo siburuti kitu ambacho mpangilio unaweza kukiweka.

Kosa ninalolikuta zaidi katika nakala za wengine ni alama hizi kubwa kuvuja hadi kwenye nakala za wapigaji. Mpigaji mwenye safu moja hana haja nazo. Humharibia nafasi na kumkatia mstari anaousoma. Programu ikiruhusu mpangilio tofauti kwa kila nakala, utumie. Katika LilyPond mimi huweka maelezo ya alama kubwa kwenye faili la nakala ya mwongozaji peke yake, na faili lenye nota zenyewe siligusi.