Paa la Kingdome lilikuwa zima

Nikiwafundisha vijana mapaa ya zege, sikosi kuwaonyesha Kingdome, uwanja wa Seattle ambako timu ya Seahawks ilianza kucheza futiboli ya Kimarekani mwaka 1976. Paa lake lilikuwa kuba la zege lenye upana wa mita 201, na katikati hapakuwa na nguzo hata moja.

Unene wake ulikuwa inchi 5. Fundi yeyote anaijua tofali ya inchi 5. Sasa piga picha unene huo umefunika kiwanja na majukwaa yote. Mwezi Aprili 1976, Pelé alipokuja na New York Cosmos kucheza soka, chini ya paa hilo walikaa watu zaidi ya 58,000. Siri ya mhandisi Jack Christiansen ilikuwa umbo. Mbavu 40 zilishuka kutoka kileleni hadi ukingoni, na kati ya ubavu na ubavu zege lilipindwa. Hivyo uzito ulishuka kwa kugandamiza, na zege huhimili sana kugandamizwa. Kinachokuwa kigumu kwake ni kuvutwa. Huko chini, mkanda mzito ulizunguka kuba lote na kulizuia lisitanuke.

Kilichosumbua ni maji. Seattle ni mji wa mvua, na tabaka la juu la kuzuia maji lilivuja miaka na miaka. Lilipobanduliwa ili litengenezwe, maji yalipenya hadi kwenye vigae vya dari. Tarehe 19 Julai 1994 vigae vinne, kila kimoja kama kilo 12, vilianguka kwenye viti kabla mashabiki wa besiboli hawajafunguliwa milango. Katika matengenezo yaliyofuata, ajali ya kreni iliua wafanyakazi wawili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Watu wengi tangu hapo waliamini paa limechoka. Zege lenyewe lilikuwa imara! Ila timu zilitaka viwanja vipya vyenye mapato zaidi, na Juni 1997 wapiga kura wa jimbo la Washington wakaidhinisha fedha za uwanja mpya wa futiboli mahali palepale.

Asubuhi ya tarehe 26 Machi 2000 baruti zilizopachikwa kwenye mbavu zililipuliwa. Kuba likashuka kwa sekunde zisizofika 17. Madeni yake yaliendelea kulipwa hadi 2015.